Mwewe Hafai Kwenye Kwaya

Tulimzika Sadiki Jumatano, na kama ilivyo kawaida ya misiba ya mtaa wetu wa Ng'ambo, pilau ilifika kabla machozi hayajakauka. Wanawake tulikaa kwenye mikeka ndani ya chumba chake cha mbele, kilekile alichokuwa akipigia picha za pasipoti, na ukutani bado lilining'inia pazia la buluu ambalo nusu ya watu wa Tabora wamewahi kukaa mbele yake wamekunja uso. Nilikuwa nachukua tonge pale jirani yangu wa mkekani, mwanamke wa makamo nisiyemjua hata jina, aliponisogelea na kuninong'oneza kwa sauti iliyosikika mpaka uani: "Bi Nyamizi, nasikia wewe na marehemu mlikuwa hampikiki chungu kimoja." Nikamwambia amalize kula kwanza. Akamaliza haraka, akanikodolea macho. Nikamwambia, "Mama, yule mtu alinicheka mwaka mzima, na mwaka ule ndio ulionifanya mimi kuwa mtu. Sasa pima mwenyewe kama tulipikika au la." Hakupima. Akaniuliza kama nyama imebaki.

Basi napima mwenyewe. Mimi nina darasa la tatu, siombi radhi kwa hilo na sitaki kuhurumiwa. Nilizaliwa na nani, nikaolewa na nani, hayo hayamhusu mtu. Mwaka mmoja tu ndio ninaotaka kuusema. Watu wakisimulia ujana wao huanzia umri wa kusuka nywele na kuchekacheka barabarani. Ujana wangu mimi ulichelewa kama treni ya kutoka Kigoma. Ulinifikia nimeshavuka arobaini, nakaanga chapati na kuuza chai kwenye kibanda kilichotazamana na studio ya Sadiki, na ulikuja umefungwa kwenye kitambaa cha muuza mitumba, katikati ya pasi mbovu na mashine za kunyolea ndevu. Ilikuwa kamera ndogo ya kijivu, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia kilichokwisha nusu, na kioo chake kina ufa kwenye kona. Nilikuwa nimeweka akiba ya kununua jiko la pili la mkaa. Nikanunua kamera. Mpaka leo sina maelezo ya kutosha. Niliishika, nikamtazama muuza mitumba kupitia kile kioo, nikamwona mdogo, anang'aa, ametulia, nami nikasema moyoni, kumbe dunia inashikika.

Chumba changu cha kupanga kilikuwa na dirisha moja, kitanda, na magunia mawili ya unga. Nilikaa juu ya gunia nikaichunguza kamera kama mtu anayechambua mchele. Maneno yake yote yalikuwa Kiingereza, na mimi na Kiingereza hatujawahi kusalimiana. Lakini ilikuwa na gurudumu dogo lenye vimchoro. Mlima. Ua. Mwezi na nyota. Na mtu anayekimbia. Nikacheka peke yangu, kwa sababu hapo nilikuwa nasoma kama mwalimu. Ua ni la vitu vya karibu, mwezi ni wa giza, na huyu anayekimbia ni wa vitu visivyotaka kutulia. Nikamzungusha akaja juu, na sikumtoa tena pale mwaka mzima. Betri zake zilikuwa mbili ndogo kama za saa ya ukutani, kwa hiyo saa yangu ya ukutani ilisimama siku hiyohiyo, na sikuisikitikia.

Sadiki alikuwa na kamera kubwa nyeusi yenye domo refu, aliivaa kifuani hata akija kunywa chai. Alikuwa mnene, msafi, mcheshi, na ulimi wake ulikuwa na wembe. Aliponiona nawapiga picha wateja wangu wakitafuna chapati akaita wenzake kutoka ng'ambo ya barabara: "Njooni mwone! Mama Chai amenunua sabuni yenye jicho!" Wakaja wakaona. Alipoishika aliipima kwa kiganja, akabonyeza, akasubiri, akatazama huku na huku, ndipo ikalia. "Umesikia? Nimebonyeza leo, imepiga kesho. Dada yangu, hii ni ya kupigia makaburi. Chochote kinachotembea kitaiacha." Nilichukia, ila hakusema uongo. Ile kamera ilikuwa na uzito wa kusikia. Ukiibonyeza inafikiri kwanza, inajikuna, halafu ndiyo inapiga, na wewe mtu wako keshapepesa macho.

Sasa kwaya ya kanisa letu ilikuwa inatimiza yubile mwaka huo, na ilikuwa inatoa albamu yake ya kwanza. Wimbo wao mkubwa ulikuwa wa kumwomba Mungu mabawa. Mwenyekiti wa kwaya, Mzee Isaka, aliimba besi na alikuwa akinywa chai kwangu kila asubuhi, sukari nyingi, maneno machache. Asubuhi moja akasema mbele ya watu wote: "Kwenye kava tunataka ndege anaruka. Si wa kutolewa kwenye kompyuta, ndege wa Ulaya hatujui hata jina lake. Wa hapahapa kwetu. Kamati ikimkubali, aliyempiga ndiye atakayepiga picha za yubile." Sadiki akafuta mdomo akasema ndege wa kuruka si jambo la mchezo, atalitazama akipata nafasi kati ya harusi zake. Nami, kijiko mkononi, nikajisikia nasema, "Nitampiga mimi." Kibanda kizima kikaangua kicheko. "Kwa sabuni hiyo?" akasema Sadiki. "Labda umwoshe." Mzee Isaka peke yake hakucheka. Alikoroga chai akasema, "Mlete tutamwona." Nataka uelewe kilichokuwa mezani pale. Yubile ingekuwa na usharika mzima, na anayepiga picha za yubile ndiye angeitwa kwenye ubatizo, kwenye kipaimara, kwenye harusi. Nikiipata, nimeingia kwenye kazi. Nikiikosa, mwaka ujao niko palepale, napuliza mkaa na majivu kwenye kope.

Nikaanza na mwewe, kwa sababu mwewe wako machinjioni kila asubuhi wakigombea matumbo, na kwa sababu mwewe hamwogopi mtu. Nilikuwa nawahi kukaanga chapati, namwachia kibanda rafiki yangu Spesioza, kisha nakimbia. Ee bwana! Hujui ndege alivyo na haraka mpaka umtafute kwenye kioo kidogo. Anashuka kama jiwe, unainua kamera, unabonyeza, kamera inajikuna, na unapata anga. Nilipiga anga wiki nzima. Nilikuwa na anga la asubuhi, anga la saa nne, anga lenye ncha ya mkia pembeni. Spesioza alikuwa mwanamke wa Ulyankulu, wazazi wake walitoka Burundi, na sauti yake ya kwanza kwenye kwaya ilikuwa inapandisha paa. Alizitazama picha zangu kwa upole, moja moja. "Dada, hapa ndege yuko wapi?" Nikamwambia, "Ametoka sasa hivi." Akacheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka naye, lakini moyoni nilikuwa nawaka. Nilikuwa nawaka kweli, kama msichana aliyeandikiwa barua. Niliamka kabla ya jogoo bila kuamshwa. Nilisahau kula. Umri ule nilikuwa nimeshakubali kwamba miguu ni ya kunipeleka sokoni na kunirudisha, kumbe ilikuwa bado inajua kukimbia.

Ufumbuzi ulitoka mgongoni, si kichwani. Nilikuwa nimesimama pale machinjioni kama mlingoti, naelekeza kamera mahali mwewe alipo, na mkono wangu wa kulia ukawa unauma kwa hasira ya zamani. Ndipo nikakumbuka kwamba mkono huu una kazi yake. Nilipoacha shule darasa la tatu niliachishwa na ndege, wale wadogo wanaoshuka kama wingu kwenye mpunga. Misimu mingapi sijui, mimi niliamia majaruba kuanzia alfajiri mpaka jua linazama, kombeo mkononi, udongo mkavu kiunoni, nikiwafukuza. Na ukweli wa kombeo ni mmoja, mtoto yeyote wa majaruba anaujua, kwamba ndege hapigwi alipo, hupigwa anapokwenda. Unamfuata kwa kiuno, unazunguka naye, unampita kidogo, ndipo unaachia. Ukimwachia alipo, umepiga jana. Basi nikapanua miguu, nikamshika mwewe kwenye kioo akiwa bado juu, nikazunguka naye kiuno kizima, nikampita kidogo, nikabonyeza huku naendelea kuzunguka. Wachinjaji wakaanza kupiga mabati: "Haya, haya! Mama Chai anacheza ngoma ya mwewe!" Waliimba hasa, na mimi nilizunguka hasa, mpaka kamera ikalia na nikatazama kioo, na ndani ya kioo alikuwamo. Mzima! Mabawa yote mawili, mkia wenye panda, mdomo wa njano, jicho limetazama chini kwa dharau. Nilipiga kigelegele mpaka mchinjaji mmoja akaangusha kisu. Nilimwonyesha yeye, nikamwonyesha mwenzake, nikamwonyesha mtu aliyekuja kununua maini, na alipokuja mbwa sijui kama sikumwonyesha na mbwa.

Sadiki aliisafisha ile picha kwenye mashine yake. Alipoitoa hakusema sabuni. Akasema, "Mh," akanigeuzia mgongo.

Kamati ya kwaya ilikaa kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, chumba kirefu kilichonuka chokaa na mafuta ya taa, meza moja, mabenchi mawili, na sufuria ya matobolwa katikati, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ambavyo ukivitafuna na karanga mkutano hata uwe mrefu vipi haukuchoshi. Niliketi karibu na mlango kama mshtakiwa. Picha ikazunguka. Wote walisema ni nzuri. Ikafika kwa Mama Debora, mweka hazina, mama wa mwili mkubwa na sauti ndogo. Akavaa miwani. Akaivua. "Huyu," akasema, "si ndiye aliyebeba vifaranga vyangu Jumapili ya juzi, mimi nikiwa hapahapa namwimbia Mungu?" Mzee Isaka akasema, "Mama Debora, picha imetoka vizuri." "Imetoka, ndiyo. Hata mwizi hutoka vizuri kwenye picha. Hatumweki." Mwimbaji mmoja wa sauti ya tena akainamia picha akaongeza, "Na hiki alichobeba miguuni, wapendwa, ni utumbo." Matobolwa yakatafunwa. "Mwewe hafai kwenye kwaya," akasema Mzee Isaka kwa huzuni, na ikawa ndiyo hukumu.

Mtu wa mbali akisikia haya atacheka, atasema ndege ni ndege. Kwetu sivyo. Kwetu mnyama hutambulika kwa matendo yake, kama jirani. Anakula nini, analala wapi, alikufanyia nini mwaka wa njaa. Sikuwalaumu. Ningekuwa na vifaranga ningesema vilevile. Lakini nilitoka mle ndani na njia mpya ya kuumia kichwa, kwa sababu sasa nilikuwa najua kumpiga ndege yeyote, ila sikujua ndege gani ana tabia njema.

Nikawaletea yangeyange, wale weupe wanaofuata ng'ombe, niliowanasa wakiinuka kundi zima upande wa Kitete jua likiwa chini, weupe kama nguo za kipaimara. Nilijua nimeshinda. Mama Debora akavaa miwani: "Hawa wanatembea na ng'ombe siku nzima wakisubiri kuokota. Ni wapambe." Nikaleta njiwa. Njiwa! Ndege wa Maandiko! Akasimama mzee wa besi ambaye sikuwahi kumsikia akiongea na kueleza, kwa utulivu wa mtu aliyeumia, jinsi njiwa walivyofukua karanga zake zote siku tatu baada ya kupanda. Nikawaambia kwa ukali, "Basi niambieni nyinyi ndege gani ameokoka!" Mzee Isaka akanituliza: "Polepole, binti. Tai je?" Wengine wakaitikia, tai, tai ana heshima.

Tai wa karibu hakuna. Nikapanda nyuma ya baiskeli ya mrina asali mmoja aliyekuwa anarudi Sikonge na madumu yake matupu, tukala vumbi la njia nzima mpaka nikawa na rangi moja na barabara. Nilikaa na warina asali siku mbili porini. Walinilisha ugali na maharage na sega la asali lililokuwa bado na moto wa moshi, na walipojua nimefuata nini mmoja aliniuliza, "Huko mjini mmekosa kazi kabisa?" Lakini siku ya pili wao ndio walionionyesha, "Tazama juu, mama, tazama juu!" na tai akaja akielea juu ya miombo iliyochomwa, bila kupiga bawa hata moja, kama mtu anayejua kila mtu atampisha. Nilimpiga nikiwa nimelala chali juu ya majivu. Nilirudi mjini nikiwa mweusi mgongo mzima na naimba. Sadiki alipomtoa kwenye mashine akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Ni mweusi kama chungu. Jua lilikuwa nyuma yake, na tumboni hana mwanga. Siku nyingine tafuta kitu cheupe kilicho chini ya ndege, kimrudishie mwanga tumboni. Mimi kwa maharusi natumia shuka." Nikamwuliza kwa nini ananiambia. Akasema, "Kwa sababu unanitia aibu. Picha mbaya zinatoka kwenye mashine yangu." Na kamati ikamkataa tai kwa sauti moja. Anakula mizoga, walisema, na akionekana juu ya mji watu huulizana nani amekufa.

Siku hiyo ya tai ndiyo niliyokata tamaa. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshapiga, yubile ilikuwa inakaribia, na Mama Debora alikuwa amesema wazi kwamba wakikosa ndege watatia picha ya msalaba, na yubile apewe Sadiki. Nilibaki kwenye benchi, kichwa mikononi, wanakamati wakijadili sare. Ndipo tonge la udongo mbichi likadondoka kutoka darini, likaingia ndani ya chai ya Mzee Isaka. Chubwi. Akaitazama chai. Akatazama juu. Akachota udongo kwa kijiko, akaendelea kunywa, na kusema bila hata kukatiza habari za sare, "Hawa wamerudi." Nikainua kichwa. Mbayuwayu mwenye utosi mwekundu alikuwa anatoka kupitia mlangoni, chini kabisa, juu ya vichwa vyetu, na hakuna mtu aliyeinama. Wamezoeana. Nikauliza, "Huyu ana kesi gani?" Wakatazamana. Mama Debora akavua miwani, mdomo ukicheza. "Huyu," akasema, "hana kesi. Anakula mbu." "Na ameoa mke mmoja," akasema yule mzee wa karanga. Mzee Isaka akasema, "Lakini binti, huyo hapigiki. Mwewe ni mwewe. Huyo ni mshale."

Niliruka kutoka benchini nikapiga kichwa kwenye boriti. Sikusikia maumivu mpaka kesho yake.

Ndege wale walikuwa na kiota kingine barazani, nje ya chumba hicho, kwenye pembe ya paa: kibuyu cha udongo chenye shingo. Waliokota tope kwenye bomba la maji nyuma ya kanisa, wakakata uwanja, wakapita karibu na ringi ya gari iliyotundikwa kuwa kengele, wakaingia barazani. Kila asubuhi nilikuwa juu ya benchi, mgongo kwenye nguzo, ndani kwaya ikifanya mazoezi. Nilitumia akili ya kombeo, nikazunguka kiuno, nikampita. Hola. Huyu kombeo halimwezi, alikuwa anapinda mara mbili kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Nilipiga paa, nikapiga nguzo, nikapiga kichwa cha mchungaji akipita na kunitania shikamoo, nami nikasema marahaba bila kushusha kamera ingawa yeye ndiye mkubwa. Spesioza alitoka kwenye mazoezi jasho likimtoka, akanitazama. "Dada, unampiga nani, ndege au nyumba?"

Lakini nilimsoma. Niliona kwamba popote apindapo, mwisho wake ni mmoja tu. Akifika mbele ya shingo ya kiota husimama hewani, kufumba na kufumbua, mabawa yamepanuka yote na mkia umefunguka kama kipepeo cha kupepea mkaa, halafu huingia. Kwa hiyo nikaacha kumfuata. Wewe njoo, nikamwambia, mimi niko kwako. Na siku hiyo kidole changu kikafanya jambo ambalo hakikutumwa. Nilianza kubonyeza, ndani kwaya ikakosea wimbo na Mzee Isaka akagonga meza kwa hasira, nami nikashtuka, kidole kikabaki nusu njia. Kimraba cha kijani kikawaka kwenye kioo, juu ya kiota. Kikatulia pale. Nikamalizia kubonyeza, ikalia papo hapo. Papo hapo! Haikujikuna! Nilijaribu tena, nusu, kijani, malizia, papo. Miezi yote hiyo nilikuwa naidharau kumbe mimi ndiye niliyekuwa naikurupusha, kama mtu anayeamka na kuambiwa papo hapo asalimie wageni. Ikipewa nafasi ya kuandaa macho, ilikuwa na haraka kuliko mimi. Nikajiambia, Nyamizi, leo.

Jua la saa tatu lilikuwa limepiga ukuta wa baraza, uliokuwa umepakwa chokaa mpya kwa ajili ya yubile, na mwanga ukarudi kutoka ukutani na sakafuni ukajaa chini ya paa, laini kama maziwa. Shuka la Sadiki! Nikabonyeza nusu. Kijani. Nikashikilia. Ndani kwaya ikaanza ule wimbo wa mabawa, safari hii bila kukosea, Spesioza juu kabisa. Nikaona nukta ikiinuka bombani. Ikakata uwanja. Nikasubiri ifike kwenye ringi, kwa sababu nilishajua kwamba kutoka kwenye ringi mpaka kiotani ni sawasawa na mwendo wa kidole changu. Ringi. Nikamalizia.

Sikutazama. Nilishuka benchini, nikaenda moja kwa moja Ng'ambo kwa miguu, nimeikumbatia kamera kifuani, napishana na watu bila kuwasalimia, nikaiweka mezani kwa Sadiki na kusema, "Fungua wewe. Mimi siwezi." Akachomoa kadi, akaiweka kwenye mashine. Nilitazama uso wake, si kioo. Uso ule mnene wenye utani ukalegea polepole kama wa mtoto aliyeonyeshwa kitu. Akavuta kiti akakaa. "Nyamizi," akasema. Alikuwa hajawahi kuniita jina langu. "Njoo uone tope mdomoni." Nikaona. Mabawa yamefunguka mpaka unahesabu manyoya, mwanga umejaa tumboni, michirizi ya kifua, utosi mwekundu, na mdomoni punje ya tope iliyolowa, inang'aa. Kisha Sadiki akanyanyuka, akachukua karatasi kubwa kuliko zote alizonazo, ile ya picha za maharusi, na kuipitisha kwenye mashine.

Kamati iliitazama ikiwa imesimama. Nilidhani imekwisha. Ndipo Mama Debora, miwani puani, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Nzuri mno. Ila nina neno. Hawa hawakai. Kiangazi kikiingia wanakwenda zao, hatujui wapi. Tutaweka mgeni kwenye kava ya kwaya yetu?" Nikamwona Spesioza, aliyekuwa ameleta chai, akisimama na birika mkononi, macho sakafuni, na sikumwona akipumua. Mzee Isaka alitafuna tobolwa lake mpaka likaisha. "Debora mwanangu," akasema, "babu yangu alibeba pembe ya ndovu begani kutoka Unyanyembe mpaka pwani, na akarudi, na akaenda tena, na akarudi. Kila kiangazi. Alikuja kujenga nyumba kwa tope la mkononi mwake, hapo nyuma ya soko. Huyo naye hakukaa. Mji huu umejengwa na watu wa kwenda na kurudi, na wengine waliofika tu wakapumzika wakaona pazuri. Tukimkataa huyu ndege kwa safari, nani atabaki humu ndani wa kuimba? Wewe mwenyewe mama yako mzazi alitoka wapi?" Mama Debora akavua miwani na kuifuta kwa kanga. "Alitoka Ujiji," akasema. Halafu akaitazama picha tena, akaileta karibu. "Na kweli hodari. Tazama anavyolishika tope lake. Aingie." Birika la Spesioza likaanza kumimina, na lilimimina vikombe vyote mpaka pembeni.

Siku ya yubile niliwapanga mimi. Watu wazima, wazee wa kanisa, mchungaji, nikawasukuma kwa mikono yangu, huyu mrefu nyuma, mama wewe sogea, mzee funga kifungo. Hakuna aliyecheka kamera yangu, ingawa ilipotea kabisa ndani ya kiganja. Na pembeni, chini ya jua, Sadiki alikuwa amekuja bila kualikwa, kanzu nyeupe, lile domo jeusi kifuani limefungwa kifuniko. Nilimwendea. Nikamwuliza kama amekuja kucheka. Akatazama safu za kwaya, akanitazama. "Betri unazo za kutosha?"

"Ninazo."

Akavua kanzu yake, akabaki na fulana na suruali mbele ya usharika mzima, akaenda akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya safu ya kwanza, na kuitandaza chini ya nyuso zao kama shuka. "Basi piga, mpiga picha," akasema akiwa bado chini, ameshika pindo zisipeperuke. "Watu wanaungua."